Mgeni wa Dirisha la Magharibi

Kiyoyozi kilikuwa kipya kabisa, kimetolewa kwenye boksi asubuhi ileile, na bado kilinuka mdomo.

Haikuwa harufu ya plastiki wala ya mafuta ya mashine, wala ile ya ghala ambayo vitu vipya huja nayo. Ilikuwa harufu ya mdomo wa mtu aliyelala siku nyingi bila kupiga mswaki. Sora alisimama mbele ya dirisha, rimoti mkononi, akanusa, akakunja pua, akanusa tena kwa kutoamini. Kisha akajiambia ni upya tu, itaisha.

"Mama, baridi!" alicheka Bomi, bintiye wa miaka minne, aliyekuwa amekaa sakafuni kifua wazi. Mgongo wake wote ulikuwa umetapakaa vipele vya joto, vingine amevikuna mpaka vimetoa damu. Hakuwa amecheka tangu mvua zikatike. Sora alikisikia kicheko kile, akaisamehe harufu. Ni kwa ajili ya mgongo ule alikuwa amefanya alichokatazwa.

Jiji la Daegu limezungukwa na milima, na joto la Julai likishaingia mle halina pa kutokea. Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya tatu, chumba cha kulala kinatazama magharibi, na jua la alasiri lilimwagika humo mpaka godoro likawa la moto. Mwenye nyumba alishasema ukutani hataki kuona hata tundu la sindano, kwa hiyo kiyoyozi cha kawaida, chenye bomba la kupita ukutani, kilikuwa ndoto. Kilichobaki ni kile chembamba cha kusimamishwa dirishani, kwenye reli ya dirisha la kusukuma, ambacho hata mtu mmoja anakifunga akiwa na bisibisi tu.

Tatizo lilikuwa mama mkwe.

"Dirisha lipi?" bibi huyo aliuliza kwenye simu.

"La chumbani, Mama. La magharibi."

"Basi subiri. Siku hizi Mgeni yuko magharibi. Usigonge kitu huko mpaka apande."

"Mama, hakuna kugonga. Ni skrubu tu."

"Skrubu, msumari, yeye hajui tofauti. Mmevumilia joto tangu Juni, siku chache zitawaua?"

Mgeni huyo, pale Daegu, anajulikana hata na wasiomwamini. Ni jini anayezunguka kwa kuufuata mwezi: siku fulani hukaa mashariki, siku fulani kusini, kisha magharibi, kisha kaskazini, na mwisho wa kila siku kumi hupanda mbinguni kupumzika. Siku za mapumziko yake ndizo watu huhama nyumba, na lori la mizigo hulipati hata ulie. Kupigilia kitu upande alikokaa ni kumpigilia yeye mwenyewe. Sora alikuwa amehama mara kadhaa, na kila mara alichagua siku hizo, si kwa imani bali kwa kukwepa maneno ya wakwe.

"Sawa, Mama," alisema. Kisha akamwona Bomi akijisugua mgongo kwenye kona ya kabati huku machozi yanamtoka, akaenda kutafuta bisibisi.

Kazi ingeisha haraka kama si ile reli. Unasukuma kioo pembeni, unasimamisha fremu ya chuma ndani ya reli, unaikaza juu na chini, unaipachika mashine, unarudisha kioo mpaka kibane sponji ya ubavuni mwa fremu, unaweka kizuizi kisiteleze. Basi. Lakini reli ile ilikuwa imetunza uchafu wa wapangaji wote waliopita: nzi wakavu, nywele, mafuta ya kukaangia yaliyoshikana na vumbi mpaka yakawa lami. Sora aliuchokoa kwa kijiti cha kulia chakula, ukatoka vipande vyeusi vinavyong'aa, na chini yake ukingo wa aluminiamu ulikuwa umejipinda kuelekea ndani. Fremu ikagoma kukaa. Alisukuma, akatukana, jasho likamwingia machoni. Mwishowe akachukua nyundo.

Aligonga kwa hasira. Pigo la mwisho halikulia kama chuma, lililia kama nyama mbichi inayopondwa. Sora alidhani amejigonga kidole, akakitazama, kizima. Fremu nayo ikaingia yenyewe, kwa ulaini uliomkera bila yeye kujua kwa nini.

Jioni mumewe Gitae alirudi kutoka kiwanda cha vipuri vya magari, akavua viatu mlangoni, akanyoosha mikono kuipokea baridi, kisha akasimama.

"Mama Bomi, umefunga kiyoyozi au umeanika soksi zangu?"

"Soksi zako zina nafuu."

"Na Mama je? Si alisema tusubiri?"

"Akikuuliza, tulisubiri."

Gitae aliinua mabega. Hakuwa mtu wa kutafuta ugomvi ndani ya hewa ya baridi. Na mama yake alipopiga simu siku zile za Mgeni kupanda, akauliza kama sasa wameshafunga, Sora alijibu kwa sauti ya asali kwamba ndiyo, leo leo, kama alivyoagiza. Ulikuwa uongo mwepesi wa kulinda amani, wa aina ambayo wakwe na wake za watoto wao hupeana kila wiki.

Cha kwanza kumchefua kilikuwa maji. Mashine zile hutema maji yake nje, lakini hii ilianza kuyatoa kwa ndani, tone moja moja, yakichuruzika ukutani chini ya dirisha. Sora alipanguza kwa kitambaa. Maji yakavutika. Yalikuwa na utelezi, yakafanya uzi kutoka ukutani hadi kwenye kitambaa, uzi ukarefuka, ukalegea, ukamgusa kifundo cha mkono, na ulikuwa vuguvugu. Alikwenda kunawa kwa sabuni ya vyombo, akanawa tena, na bado mkono alihisi si wake.

Kisha chujio. Alilichomoa akitegemea vumbi, akakuta nywele. Ndefu, nyeusi zimechanganyika na mvi, zimelowa, na mizizi yake ikiwa na utando mweupe. Sora nywele zake ziliishia shingoni. Alizivuta kwa vidole viwili, uso ameugeuza pembeni, zikaendelea kutoka ndani ya mashine, na kila alipovuta, kitu mle ndani kilipumua kwa nguvu kidogo, kama mtu anayechanwa nywele na kuumia. Alizitumbukiza kwenye mfuko wa taka, akafunga fundo juu ya fundo, na chakula cha mchana hakikupita kooni.

"Ni za aliyekuwa nayo kabla," Gitae alisema alipoambiwa.

"Kipya, Baba Bomi! Nilikata gundi ya boksi mwenyewe!"

"Basi sijui. Mimi ni fundi wa breki."

Wakati huo mgongo wa Bomi ulikuwa umepona. Sora aliugundua akimwogesha: hakuna kipele, hakuna kovu, ngozi laini, inang'aa, ina unyevu usiokauka hata kwa taulo. Angepaswa kufurahi. Alipoinamisha uso kumbusu begani, ile harufu ikampanda puani moja kwa moja kutoka kwenye ngozi ya mtoto wake.

"Bomi, nani kakupaka kitu mgongoni?"

"Hajanipaka." Mtoto alikuwa akicheza na povu. "Ananilamba."

"Nani?"

"Yule wa dirishani. Anasema jasho langu tamu."

Sora alimsugua kwa dodoki mpaka Bomi akalia. Hofu ilikuwepo, lakini kinyaa kiliizidi. Usiku ule hakuiwasha mashine. Waliloa jasho wote watatu sebuleni, na mlango wa chumba waliufunga, na bado walisikia mashine ile iliyozimwa ikimeza mate.

Bomi aliacha kula. Wali hataki, yai hataki, hata mchuzi wa mwani aliokuwa akiugombania hataki. "Nimeshiba," alisema, na tumbo lake kweli lilikuwa limejaa, limekaza. Sora alimpeleka kliniki ya mtaani, daktari akabonyeza tumbo, akasema ni joto, akatoa dawa ya unga. Kinywa cha mtoto kilipofunguliwa ili aonyeshe koo, daktari alirudi nyuma na kiti chake, kisha akajifanya hakurudi.

Alasiri moja Sora alikuwa jikoni anakata tikiti maji, akiwaza labda utamu utamshawishi, akasikia sauti kutoka chumbani, sauti ndogo, ya kunyonya, kama ya mtoto mchanga kwenye titi, na moyo wake ukajua kabla miguu haijajua. Alikimbia kisu bado mkononi, akausukuma mlango aliokuwa ameufunga kwa ufunguo na sasa uko wazi, na pale mbele ya dirisha, juu ya mito aliyoipanga mwenyewe apate kufika, Bomi alikuwa amesimama kwa vidole vya miguu, mikono yote miwili imeikumbatia mashine, macho yamefumba kwa raha, mdomo umeng'ang'ania tundu la chini la kutolea maji, na koo lake dogo lilikuwa likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, na kile alichokuwa akikimeza hakikuwa maji kwa sababu maji hayana uzito ule, hayajazi mashavu ya mtoto mpaka yakatuna, wala hayatoki na nywele.

Sora alimnyakua kiunoni, akamvuta. Bomi akatoka na sauti ya kubanduka, na kutoka midomoni mwake hadi kwenye tundu ulibaki uzi mnene wa rangi ya usaha uliokataa kukatika, uliorefuka kila alivyorudi nyuma, ukabembea, ukajaribu kumrudisha. Aliukata kwa kile kisu cha tikiti. Kipande cha upande wa mtoto kikajivuta haraka kikaingia kinywani, na Bomi akakimeza.

"Mama, usimkate," alisema kwa unyonge, kisha akalegea mikononi mwake, baridi kama samaki wa sokoni.

Gitae aliporudi mbio kutoka kazini alichomoa waya wa umeme. Mashine ikaendelea kupuliza, na sasa hewa yake ilikuwa ya moto. Akafungua skrubu zote, akavuta, fremu haikusogea. Akaingiza vidole nyuma ya sponji apate pa kushika, akavitoa upesi.

"Nini?" Sora alinong'ona.

"Si sponji." Uso wake ulikuwa mweupe. "Ni fizi." Akakimbilia chooni, na kupitia mlango Sora alimsikia akitapika, kisha akisema katikati ya kutapika, "Mpigie Mama. Mpigie sasa hivi."

Mama mkwe alikuja na basi la jioni ileile, mwanamke mfupi wa nywele za mawimbi ya saluni, mkoba begani, kisu cha jikoni kimefungwa kwenye taulo. Alisimama kizingitini mwa chumba, akanusa mara moja.

"Puu," alisema. "Kuna mtu humu."

Hakuuliza zaidi. Alipika uji wa mchele, akaukoroga na maharage yaliyochachuliwa mpaka ukawa wa kahawia, akaumimina kwenye kibuyu kilichopasuliwa nusu. Bomi alilazwa kwenye mkeka katikati ya sebule, macho yamegeuka meupe, ulimi nje, ukilamba hewa taratibu. Bibi alimkata nywele kidogo utosini, akazitia kwenye uji. Kisha akamwinua kichwa.

"Tema mate, mjukuu wangu. Mtemee huyu bwana."

Mate ya Bomi yalishuka kwa uzi, mazito, ya rangi ileile ya usaha, yakakaa juu ya uji bila kuzama. Bibi akapitisha kisu juu ya kichwa cha mtoto, akaanza kufoka kwa sauti ya chini.

"Kula, ushibe, uondoke! Usipoondoka nitakutia chunguni, nikufunike na jiwe, usinuse hata mvuke wa supu maisha yako yote!"

Akakirusha kisu kuelekea mlango wa nje, ulioachwa wazi. Kikaserereka sakafuni, kikasimama. Ncha ilitazama ndani.

"Ikitazama nje ameondoka," Gitae alimnong'oneza mkewe, ingawa Sora alijua.

Bibi alikiokota, akarusha tena. Ndani. Akarusha tena, kwa matusi makali zaidi, na kisu kikazunguka chenyewe pale sakafuni polepole, mpaka ncha ikamwelekea Bomi. Mzee akakaa chini. Jasho lilimtiririka kwenye mikunjo ya shingo.

"Huyu si mpita njia," alisema. "Mpita njia hula akaenda zake. Huyu ana kiti humu." Akamtazama mke wa mwanawe. "Mama Bomi. Kitu kile mlikifunga lini?"

Kwenye mkeka Bomi alitoa pumzi, na pumzi ikakawia kutoka, ikatoka na kutoka, nyingi kuliko kifua kile kinavyoweza kubeba.

"Nilikudanganya, Mama. Alikuwa bado yuko magharibi." Sora alionyesha mlango wa chumba. "Na niligonga. Niligonga kwa nyundo."

Alingoja kutukanwa. Angependa kutukanwa. Bibi alikitazama tu kile kibuyu cha uji, na uso wake ukazeeka pale pale.

"Basi si wa kumtupia uji barabarani. Umempiga alipokaa, akahamia kwa mtoto. Sasa hahami ila kwa mmoja, na huyo lazima aunywe uji huu wenye mate yake."

"Nitaunywa mimi," Gitae alisema.

"Wewe uligonga?"

"Mama, mimi ni baba yake!"

"Na mimi ni bibi yake. Ningeunywa wote nikalamba na kibuyu, unadhani najipenda? Hatutaki sisi. Anautaka mkono uliompiga."

Sora alikuwa ameshakipokea kibuyu. Aliinua, na ile harufu ikamgonga usoni, mdomo uliolala siku nyingi, na alipoinamisha kibuyu yale mate yakatangulia, yakateleza mbele ya uji kama yaliyokuwa yakimngoja, yakamgusa midomo, yakaipapasa, yakaifungua yenyewe, yakaingia vuguvugu, na nyuma yake ukaja uji wenye chembe na nywele za mwanawe zilizomkwama kwenye meno na kumtekenya koo, na mwili wake wote ukakataa, tumbo likajikunja kutapika, na kitu kilichokuwa kimeshafika chini kikakishika kile kitapishi katikati ya kifua na kukirudisha, taratibu, kwa adabu, kama mwenye nyumba anayefunga mlango, naye akaendelea kumeza kwa sababu hakukuwa tena na namna ya kuacha, akameza mpaka akasikia kucha zake mwenyewe zikikwangua kibuyu kitupu.

Bibi alirusha kisu. Ncha ikatazama nje.

Chumbani mashine ikanyamaza. Gitae alikwenda, akaigusa kwa ncha ya mguu, fremu ikaanguka mikononi mwake, chuma na sponji kavu tu. Akaibeba mpaka chini kwenye taka. Kioo kikasukumwa wazi kabisa, na joto la Daegu likaingia, safi, likinuka lami na kitunguu saumu cha jirani, na Gitae akalia kwa furaha ya kuloa jasho.

Bomi alifumbua macho. "Bibi, njaa."

Mzee akamkumbatia, akamlisha wali kwa maji ya moto, kijiko kwa kijiko, na mtoto akala wote, akaomba kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa yenye pilipili, akaoshewa kimchi kisimchome, akakila nacho. Mashavu yake yalirudiwa na rangi. Sora alitambaa kuja karibu, mikono mbele, machozi yakimdondoka.

"Bomi. Njoo kwa Mama."

Mtoto alimgeukia kwa tabasamu, kisha tabasamu likasimama. Akaziba pua. Akauficha uso kwenye kifua cha bibi yake.

"Sitaki. Ananuka."

"Ni Mama, Bomi," Gitae alisema, akijaribu kucheka. "Mama kanywa uji mbaya tu. Atapiga mswaki."

Bibi hakucheka. Alikuwa akimtazama Sora mdomoni. "Kaa hapo hapo ulipo, mwanangu," alisema kwa upole ambao hakuwahi kumpa tangu siku ya harusi. "Usisogee."

Sora hakusogea. Alikuwa akiangalia shingo ya Bomi. Joto lilikuwa limeshaanza kazi yake, na nyuma ya sikio la mtoto tone la jasho lilikuwa limejikusanya, likakua, likaanza kushuka polepole kuelekea begani. Aliona linavyong'aa. Kinywa kikamjaa maji. Alimeza, kikajaa tena, mengi, mazito, yakamtoka pembeni mwa mdomo na kufanya uzi mpaka kwenye goti lake, naye alikuwa ameshainuka nusu kabla hajajua kuwa anainuka.

Akajishika taya kwa mikono yote miwili. Akajisukuma nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Mama," alisema, na yeye mwenyewe alisikia jinsi neno lilivyolowa. "Mchukueni mtoto."

"Mama Bomi, unasema nini?" Gitae alipiga hatua kumfuata.

"Usije! Mchukueni, nendeni naye kwa Mama, msimrudishe hapa hata nikilia. Hata nikiwapigia simu. Nendeni sasa hivi, bado naweza kusema!"

Bibi alishamfunga Bomi mgongoni kwa shuka. Alipita kando ya ukuta wa pili, akavaa viatu bila kuvifunga, akamvuta mwanawe kwa ukosi wa shati. Sora aliugeuzia uso ukuta ili asimwone mtoto akitoka, akabana pumzi ili asimnuse, akasikia miguu yao ikishuka ngazi zote mpaka chini, na Bomi akiuliza kwa nini Mama haji.